Kuku wa Kipaimara

Simeoni alianza kuichukia friza ya Abdulmajidi kwa sababu ya mikono ya mke wake.

Theodora alikuwa akirudi jioni, anavua kandambili mlangoni, anamwita mtoto wao Pendo aje kula, kisha anamnawisha mumewe. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, lakini vidole vilivyoshika birika, vikigusana na vya Simeoni, vilikuwa vya baridi kama vya mtu aliyetoka mtoni asubuhi ya Julai. Baridi ile haikutoka nyumbani. Nyumbani kulikuwa na mtungi wa maji na kivuli cha mwarobaini, basi. Mke wake alikuwa akija mezani na baridi ya nyumba ya mwanamume mwingine, na Simeoni alikula ugali wake akiitazama mikono ile.

Biashara yenyewe haikuwa ngeni. Theodora alinunua kuku wa kienyeji kutoka vijiji vya kuzunguka Kiomboi, wakachinjwa, akawanyonyoa na kuwasafisha, akawauza kwa mama lishe wa stendi, kwa nyumba za wageni na kwa watu wenye shughuli. Kwa kuwa wateja wamechanganyika, Waislamu na Wakristo, mchinjaji alikuwa Abdulmajidi, mwenye duka la vinywaji barabara ya stendi. Na kwa kuwa kuku akishachinjwa hangoji, walikaa kwenye friza ya dukani mpaka mteja atokee. Mpango huo aliuanzisha Radhia, mke wa Abdulmajidi, rafiki mkubwa wa Theodora. Enzi za Radhia, Simeoni hakuwa na neno. Hata yeye alikuwa akipita pale kunywa soda.

Kisha Radhia akaugua ghafla, akafa. Friza ikabaki palepale, na mwenye friza akabaki peke yake.

Karakana ya Simeoni ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua chache juu ya duka. Akiwa anapiga randa aliona kila aliyeingia na kila aliyetoka. Alimwona Theodora akifika na beseni kichwani. Alimwona Abdulmajidi akitoka nje kumpokea, kanzu imekunjwa mikono, kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Siku moja aliwasikia wakicheka. Alisimamisha randa akasikiliza, akajaribu kukumbuka ni lini Theodora alicheka vile nyumbani. Hakukumbuka. Ubao aliokuwa akiulainisha ulitoka umebonyea katikati, akautupa kwenye kuni.

Jioni hiyo alimuuliza mkewe, "Leo mlikuwa mnacheka nini?"

"Nani?"

"Wewe na huyo bwana wako wa soda."

Theodora aliweka sufuria mekoni. "Kuku mmoja alitoroka kabla ya kuchinjwa, akaingia kwenye kreti tupu. Tulimtafuta mpaka basi." Akainama kuchochea moto. "Mbona unaniuliza hivyo?"

 Kwa Simeoni jibu lile lilikuwa limenyooka mno, kama la mtu aliyelipanga njiani.

Haukupita muda akasikia kuwa mtumishi mmoja wa serikali amehamishiwa Manyoni na anauza friji. Simeoni alimtengenezea kitanda na kabati, akapewa friji. Ilikuwa ya zamani, ndefu, nyeupe iliyoanza kuwa njano, ya aina ile yenye tundu la ufunguo mlangoni. Aliileta nyumbani kwa mkokoteni, vijana wawili wakisukuma, yeye ametangulia mbele kama anayeleta mahari. Aliiweka sebuleni, akaichomeka, akafungua mlango. Taa ya ndani ikawaka.

"Umeona?" alimwambia Theodora. "Kuanzia leo hakuna kwenda kuweka vitu kwa watu."

Theodora alifurahi kweli. Aliifuta ndani na nje kwa sabuni, akapanga chupa za maji, akamwita Pendo ashike aone baridi. Lakini wiki haikwisha maziwa aliyoyaweka jioni yakawa yamechacha kesho yake, na mchuzi wa juzi ukawa na povu. Akaanza kuichunguza. Alichukua kipande cha gazeti, akakibana kwenye mlango, akaufunga, kisha akakivuta. Kilitoka kama kinatoka mfukoni.

"Baba Pendo, njoo uone. Mpira wa mlango umelegea. Baridi inatoka hapa. Hii inatosha maji ya kunywa, nyama haiwezi."

"Taa si inawaka?"

"Taa si baridi."

"Unailinganisha na ya nani?"

"Siilinganishi na ya mtu. Nakwambia nyama itaharibika."

"Hapana. Wewe unailinganisha," alisema Simeoni. "Umezoea ya kule. Kila cha hapa sasa ni kibovu."

Kesho yake aliubandika mpira ule kwa gundi ya mbao. Ulishika siku moja, ukafumuka.

Mwezi wa kumi, Dorika, kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani, alimpa Theodora kazi kubwa. Binti yake alikuwa anapata kipaimara Jumapili na wageni walikuwa wengi, wengine kutoka Singida mjini. Alitaka beseni mbili za kuku waliokwisha kusafishwa. Theodora aliwakusanya, wakachinjwa Ijumaa asubuhi, akawapeleka kwenye friza ya Abdulmajidi. Nyumbani hakusema. Alijua akisema itakuwa vita, na kazi ya Dorika haikuwa ya kuchezea.

Mchana wa siku hiyo Abdulmajidi alifunga duka akaenda msikitini kwa swala ya Ijumaa. Simeoni alikuwa karakanani akipima mbao za dirisha. Aliinua macho akamwona mke wake akija na mfuko wa wale kuku wa mwisho. Akasema moyoni, duka limefungwa, atarudi. Theodora hakurudi. Alisimama mbele ya mlango, akafungua fundo la pembe ya kanga yake, akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akaingia.

Simeoni alihisi kama amepigwa ubao kifuani. Ufunguo! Kuingia dukani kwa mtu ni jambo moja, hata mteja huingia. Lakini mwanamke mwenye ufunguo wa mlango wa mwanamume, amekwisha kuwa nani pale? Aliiacha penseli sikioni, akavuka barabara bila kutazama pande zote mbili, bodaboda ikamkwepa na kumtukana.

Alimkuta Theodora ameinama kwenye friza, anawapanga kuku wasilaliane.

"Ufunguo huo amekupa nani?"

Theodora alishtuka. "Umenitisha! Ni wa duka. Amekwenda kuswali, hawa wa mwisho walikuwa wanakaa juani."

"Nimeuliza amekupa nani."

"Baba Pendo, watu wanasikia huko nje."

"Wasikie. Na wao wajue mke wa Simeoni ana nyumba mbili."

 Uso wa Theodora ulibadilika, lakini Simeoni hakuutazama. Alikuwa amekwisha kuvuta beseni na kuanza kuwatoa kuku, wale wa asubuhi wakiwa wamekaza kwa baridi. Aliwajaza kwenye beseni zote mbili, akaleta toroli kutoka karakanani, akawapakia. Alikuwa akifunika kwa gunia wakati Abdulmajidi alipotokea, kofia bado kichwani.

"Fundi, salama?"

"Nachukua mali ya nyumbani kwangu."

Abdulmajidi alimtazama Theodora aliyesimama mlangoni, kisha toroli. Alielewa, ikaonekana usoni. Alizungumza polepole. "Mali ni yako, sikuzuii. Ila Fundi, hao ni kuku wengi. Friji yako inafika baridi kiasi gani? Mimi humu nimetundika kipimajoto, nilipewa na watu wa maziwa. Kuku akikaa kwenye uvuguvugu..."

"Nimekuja kuuliza habari za friza yako?"

"Basi angalau usiwashindilie. Acha hewa ipite katikati."

Yalikuwa maneno ya mtu anayetaka kusaidia. Simeoni aliyasikia kama kicheko. Alishika mikono ya toroli akaondoka, jua la saa nane likiwa kichwani, na nyumba yake ilikuwa mwisho kabisa wa mtaa, kupita kanisa na mashine ya kukamua alizeti. Njiani alisimama mara mbili kupumua na mara moja kusalimiana na mzee wa kanisa ambaye hakuwa na haraka. Alipofika, gunia lilikuwa moto. Akawashindilia kuku wote ndani ya friji, rafu zote, mpaka mlango ukafungwa kwa goti. Kisha akazungusha ufunguo mdogo kwenye lile tundu, akautia mfukoni.

Jioni Theodora alimwomba. Alimwomba kwa upole kwanza, halafu kwa Kinyiramba, lugha aliyoitumia akiwa na uchungu.

"Wape nafasi wapoe. Niruhusu niwarudishe nusu tu. Ni chakula cha watu, cha watoto."

"Yeye ana ufunguo, na mimi nina ufunguo," Simeoni alisema. "Jumapili alfajiri nitakufungulia."

"Na wakioza?"

"Wataozaje ndani ya friji?"

Theodora alikwenda kukaa na Pendo chumba cha pili. Simeoni alikaa sebuleni akisikiliza injini ya friji ikinguruma bila kupumzika, ikiwaka muda wote kama mtu anayepandishwa mlima na mzigo. Alijiambia kuwa ile ni nguvu.

Jumamosi Theodora aliondoka na mapema. Simeoni alikwenda karakanani, akashinda akiutazama mlango wa duka. Mke wake hakuonekana pale. Badala ya kutulia, alizidi kuungua. Kama hayuko hapa, yuko wapi? Abdulmajidi naye alitoka na pikipiki saa nne, akarudi mchana. Simeoni aliunganisha mambo hayo mawili kichwani mwake na hakufanya kazi tena siku hiyo.

Kumbe Theodora alikuwa amekwenda kwanza kwa Dorika, akamweleza ukweli wote bila kupunguza, akalia kidogo, kisha akapanda gari hadi kwao Kinampanda. Huko mama yake na shangazi zake walimkusanyia kuku hai. Aliwafikisha nyumbani kwa Dorika wakiwa wazima, wakalala kwenye banda, wakachinjwa Jumapili asubuhi na kuingia chunguni moja kwa moja.

Simeoni hakujua hayo. Jumapili alfajiri aliamka, akavaa shati safi, akafungua friji kwa mkono wa mtu aliyeshinda. Harufu ilimpiga kabla ya mwanga wa taa. Haikuwa kali sana, ilikuwa nzito na tamu vibaya. Alimgusa kuku wa katikati. Ngozi ilikuwa na utelezi, na nyama ilikuwa vuguvugu, kweli vuguvugu, kama kuku aliyetoka kunyonyolewa. Wa pembeni, wale wa karibu na bomba la nyuma, walikuwa na nafuu.

Theodora alikuwa mlangoni, amekwisha kujifunga kanga ya kwenda shughulini.

"Chukua kuku wako," Simeoni alisema.

"Wa Dorika wako tayari. Niliwaleta jana kutoka kwa mama."

"Uliwaleta na nani?"

"Na gari la Kinampanda." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Hao wafukiwe shimo refu, mbwa wasifukue."

Hakungojewa hata kidogo. Mkewe alikuwa amekwisha kuamua tangu Ijumaa kuwa kitu cha mumewe hakifai. Simeoni alitoa wawili wa pembeni, akawaosha kwa chumvi na limao mpaka harufu ikapungua, akawakatakata, akaweka mafuta ya alizeti motoni. Moto unaua kila kitu, alijiambia, na leo watajua. Alikaanga mpaka nyama ikawa nyekundu na kunukia vizuri kabisa. Akachukua paja, akaliweka kwenye sahani ya Pendo aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na gauni lake la sherehe.

"Kula, mama. Kuku wa baba."

Pendo alinyoosha mkono. Theodora alivuka jiko kwa hatua ndefu akaipokonya sahani, paja likaanguka majivuni. Simeoni hakuwahi kumwona mke wake vile. 

"Nigombanie mimi," alisema. "Niite jina lolote unalotaka. Mtoto, hapana."

Alimshika Pendo mkono, wakatoka.

Simeoni alibaki na sufuria. Alikula paja la pili, na kidari, na mabawa, akitafuna kwa nguvu kama kuna mtu anayemtazama. Kuku alikuwa mtamu, na alijiambia hivyo kwa sauti.

Saa saba tumbo likaanza kusokota. Saa nane alikuwa ametapika mpaka hakuna cha kutapika, na bado alitapika. Miguu ikamwisha nguvu njiani kwenda chooni, akalala kwenye kivuli cha ukuta. Theodora alirudi kutoka shughulini akamkuta hapo, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Alimwacha Pendo kwa jirani, akakimbia hadi barabarani. Bodaboda zote zilikuwa zimekwenda kupeleka wageni. Pikipiki iliyopita ilikuwa ya Abdulmajidi.

Walimpakia katikati, mshikaki, kwa kuwa hakuweza kukaa mwenyewe. Mbele Abdulmajidi, nyuma Theodora akimshikilia mumewe, na mikono yake ikapita mpaka kushika shati la dereva ili wote wasianguke. Shavu la Simeoni lilikuwa limelalia mgongo wa mtu yule. Aliona vidole vya mke wake vimekunja shati la Abdulmajidi, na pamoja na kichefuchefu, pamoja na kudhani anakufa, alivitazama vidole vile njia nzima na kutamani kuvibandua kimoja kimoja. Kisha akatapika kwenye bega la Abdulmajidi. Abdulmajidi hakugeuka wala kupunguza mwendo.

Hospitalini aliwekewa dripu. Jioni alipoweza kuzungumza, tabibu aliyeitwa Urbano, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alikuja kumuuliza alichokula. Simeoni alimsogelea sikioni.

"Daktari, inawezekana nimewekewa kitu?"

"Na nani?"

 Simeoni akaeleza habari za kuku.

"Umejiwekea mwenyewe," Urbano alisema. "Sikiliza, baba. Friji haiui vijidudu. Inavipunguzia kasi tu, tena ikiwa baridi sawasawa. Ukiwashindilia kuku wenye joto, wa katikati hawapoi. Pale bakteria wanazaliana kama wamewekwa juani. Mmoja wawili, wawili wanne, muda si mrefu."

"Lakini nilikaanga. Moto si unawaua?"

"Wao, unawaua. Lakini wengine wakishazaliana hutema sumu kwenye nyama, na sumu hiyo moto wa jikoni hauitoi. Wala limao. Wala harufu nzuri." Alitazama dripu. "Mtoto angekula hiyo, saa hizi tungekuwa tunazungumza mengine."

Alipoondoka, Theodora alivuta kiti.  Kitanda cha pili mtu alikuwa akikoroma.

"Ufunguo ulikuwa wa Radhia," Theodora alisema. "Alipofariki, Majidi alinipa. Akasema, ulikuwa unaingia hapa kama kwako, endelea. Ningekwambia ungenielewa?"

"Hapana," Simeoni alisema.

"Basi."

"Kuna kitu kati yenu?"

"Hakuna." Kisha akaendelea, macho yakiwa kwenye kucha zake. "Lakini sitakudanganya. Napenda kwenda pale. Pale naulizwa kuku wamekwendaje, nani kalipa, nani ananisumbua. Nyumbani naulizwa nilikuwa wapi."

Simeoni aligeuza uso ukutani. Maneno yale yalimuuma kuliko kama angeambiwa alichokuwa akikiogopa, kwa sababu kwa hayo hakuwa na wa kumpiga. Baada ya kitambo aliunyoosha mkono wake usio na sindano. Theodora hakuushika mara moja. Alimwambia kwanza, "Mimi kazi yangu siiachi, na kuku wangu watakaa penye baridi. Ukitaka kunizuia, nizuie sasa tukiwa hapa hospitali, nijue."

"Sikuzuii."

Ndipo akaushika.

Simeoni alipopata nguvu alichimba shimo refu nyuma ya nyumba, akawafukia kuku wote waliobaki, na akaisugua friji kwa maji ya moto na dawa ya madoa mpaka vidole vikachubuka. Fundi wa friji kutoka Singida aliibadilishia mpira na kuiongezea gesi. Sasa inashika gazeti, na Theodora anaweka humo maziwa na mboga za nyumbani. Kuku wa biashara wanaendelea kukaa dukani. Simeoni alikwenda pale siku moja na shati jipya mkononi badala ya lile alilolichafua. Alisema samahani akitazama chini, akanywa soda moja, akaondoka kabla haijaisha.

Wivu haukumtoka. Bado akisikia kicheko ng'ambo ya barabara, randa husimama. Lakini jioni moja mkewe aliporudi, Simeoni alimwinulia birika, akamuuliza, "Leo kuku wamekwendaje?"

Theodora alidhani ni mtego. Akajibu kwa neno moja, "Vizuri."

"Nani kachukua?"

"Mama wa nyumba ya wageni ya chini. Wanne."

"Yule aliyekusumbua mwezi ule?"

Theodora alikalia kigoda. Akaanza kueleza habari za mama yule, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa mikono miwili, jinsi anavyopima kuku kwa macho na kudai wamekonda, na jinsi Majidi alivyomjibu. Jina lile lilipita katikati ya maneno, mara moja, mara mbili. Simeoni alilisikia kila mara. Aliunyoosha mkono achukue chumvi, akauliza, "Ikawaje?"